Maoni ya Watazamaji wa Matombo

Matombo,
8 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Castory,

Shikamoo. Hujambo huko Kisaki, na kazi ya reli inakwendaje? Sisi tu wazima. Goti la Bibi limepoa na ndizi za ng'ambo ya mto zimeanza kukomaa. Leo nimeazimia kukueleza yote bila kuficha. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu huwa najibu “sawa, Mjomba” tu, kama nilivyojibu siku ya Pasaka uliposema mwezi wa saba niende Mikese kumsaidia Mama Jastin mgahawani kwake.

Jana mchana Sista Agnes alituonyesha filamu katika ukumbi wa misheni. Ni ya kuchekesha na kuliza, inamhusu msichana wa nchi ya baridi anayeingia utu uzima. Ilikuwa ya Kiingereza, na kijana anayetutafsiria siku zote alikuwa msibani, basi kipaza sauti nikapewa mimi. Nilisimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea filamu nikawasemea waigizaji wote, wazee kwa watoto. Mjomba, nilikushukuru pale pale. Bila ile kamusi uliyoninunulia kidato cha kwanza, na bila wewe kukaa kunisikiliza nikisoma kila ulipokuja likizo, nisingethubutu.

Msichana huyo alijikata nywele mwenyewe kabla ya sherehe ya shule, upande mmoja ukabaki kipara. Watu walicheka hadi mabenchi yakasogea. Mwishoni, kwenye kituo cha basi, akamwambia mjomba wake kwamba anampenda na hatasahau alivyomlea, ila duka la mikate analotaka kumwachia haliko moyoni mwake, anaomba akasome.

Baadaye Sista aliniambia niandike maoni ya watazamaji. Mzee Mwinshehe, muuza ndizi, alisema mtoto yule hana adabu hata kidogo, ila filamu irudiwe wiki ijayo apate kuhakikisha. Mama Pendo akamtania kuwa ahakikishe nini tena, wakati kofia yake imelowa machozi. Mzee akajibu kuwa ule ni moshi wa jenereta. Bibi yeye aliinuka na fimbo yake, akasema mjomba anayeombwa kwa heshima kama ile akakataa, huyo si mjomba, ni gogo. Watu walipiga makofi. Maoni ya Bibi sikuyaandika, nilifunga daftari.

Sasa nakiri. Ndani ya filamu ile hakuna mjomba. Yule alikuwa baba yake. Filamu ilipoanza tu, Bibi aliuliza kwa sauti wajomba wa mtoto huyu wako wapi hata aamuliwe na baba peke yake, wengine wakadakia, nami nikaona heri nimgeuze. Lakini kosa kubwa ni lile la mwisho. Pale kituoni msichana hakusema kitu. Alifungua mdomo, baba akamfunga vifungo vya koti, basi likaondoka. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi na watu wote wananingoja. Maneno waliyoyasikia ni yangu, na mjomba niliyekuwa namwambia ni wewe.

Nimechaguliwa kidato cha tano, masomo ya sayansi, shule ya bweni Iringa. Nina siku tisa tangu nijue. Sikukuambia kwa kuogopa utaniona sina shukrani, wewe uliyenichukua mama alipofariki na hujawahi kunifanya nijione mzigo. Ukisema Mikese, nitakwenda, na nitapika kwa moyo mmoja. Ila sikutaka uamue bila kujua.

Bibi anakusalimu sana, anasema usiache kunywa dawa ya kifua. Nisalimie wenzako wote wa stesheni.

Abdi anayekuletea barua hii anarudi Alhamisi, tafadhali mpe jibu. Shule inafunguliwa tarehe sita Julai. Mjomba, nifunge mizigo ya kwenda wapi?

Mpwa wako akupendaye,
Juliana