Koili Ndani ya Birika

Jumapili, 6 Julai
Nimesafisha rejeta ya kompyuta tena, ile inayopoza maji yake. Mara ya tatu wiki hii. Mapezi yake ya alumini yameliwa na chumvi, ukiyagusa kwa brashi yanamomonyoka. Pampu nzima, maji yanazunguka, lakini joto halina pa kutokea. Kila nikianza kuitolesha picha za nyumba ya mteja ambayo bado haijajengwa, mashine inafika digrii tisini na tano, inajizima. Picha zinatakiwa Alhamisi. Nikishindwa, kazi inaenda Nairobi, nami narudi kuajiriwa Mombasa na kumwacha Mama peke yake. Nimechoka.

Jumatatu, 7 Julai
Feni mpya haikusaidia kitu. Inapuliza hewa ile ile ya chumvi.

Jumanne, 8 Julai
Nimevuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kwa fundi wa friji. Nimerudi na mita kumi za bomba la shaba, nikalikunja kuzunguka sufuria ya pilau, likawa koili. Rejeta nimeitupa, shaba na alumini katika maji mamoja hulana. Koili nimeitumbukiza kwenye birika la bafuni, lile tangi la kujengewa la maji ya kuoga na kutawadha. Maji ya kompyuta yanapita ndani ya bomba, ya birika yako nje, hayachanganyiki. Digrii hamsini na nane! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumatano, 9 Julai
Picha kumi na moja. Haijajizima hata mara moja. Mama alikawia bafuni kutawadha. Sikumuuliza.

Alhamisi, 10 Julai
Nimetuma picha saa nne asubuhi, nikaenda kuoga. Samaki wawili wa birika wanaelea. Niliwasahau. Nimezaliwa nyumba hii, kila birika mtaani lina samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, nami nikapiga hesabu za lita na digrii nisiwakumbuke. Shaba imewaua, au joto. Mama huwasalimia kila alfajiri.
Nilimwambia. Akasema tu, "Haya, mwanangu." Bora angenigombeza. Nimeng'oa koili, nikamwaga maji yote, nikasugua birika. Najichukia.

Ijumaa, 11 Julai
Mteja amekubali. Anataka na nyumba ya pili. Sina hata nguvu ya kufurahi.
Jirani ametuletea samaki wawili hai kwenye kopo la maji. Mama alitoka kutawadha akijishika magoti. "Mbona mai yamerudi baridi?" Kumbe siku mbili zile za maji ya moto magoti hayakumuuma.
Nimekwenda kuangalia birika. Halina samaki. Mama amewaweka kwenye ndoo jikoni. Koili yangu iko ukingoni mwa birika, imefutwa ikakauka.