Mashua Iliyomvusha Faiza

Garissa,
19 Januari 1998

Dada yangu mpenzi Rukiyo,

Assalaam aleikum warahmatullah. Saumu inaendeleaje huko Bute? Na magoti yako je? Ngamia wamepona ule ugonjwa ulioletwa na mvua? Sisi hapa tuko salama, alhamdulillah, ila mbu wametuzidi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua atakayekusomea ni Mwalimu Zilpah. Mwalimu, nakusalimu pia, na nakuomba ukifika mwisho usiruke neno.

Habari kubwa kwanza. Binti yako Faiza alijifungua mtoto wa kike Jumatano iliyopita, hapa hospitalini. Wote wawili ni wazima. Amempa jina la mama yetu, Ugbad.

Sasa nikueleze alivyofika hospitali, maana shamba lao limezungukwa na maji ya Tana tangu mwezi wa kumi na mbili. Lile shirika la msaada lililoniajiri lina mashua za alumini. Moja ilikuwa imepasuka pale ubavu unapokutana na sakafu. Fundi aliyenitangulia aliichomelea mara mbili, ikapasuka mara mbili, na kila mara ufa ulitokea kando kidogo ya mshono.

Wewe wanijua, kitu kama hicho hakiniachi nikapumzika. Nilikata vipande kutoka mashua iliyokufa, nikavichomelea, nikavibana kwenye jiliwa na kuvipinda mpaka vivunjike. Vilivunjika vingi, lakini kila kimoja kilinifunza jambo. Alumini ina ngozi nyembamba ambayo haiyeyuki upesi. Usipoikwangua vizuri inajificha ndani ya mshono. Kisha kuna joto. Ukipaka sabuni na kupitisha moto, sabuni ikigeuka kahawia ndipo uanze. Lakini joto hilohilo linaulegeza mwili wa alumini kandokando, na ndiyo sababu ufa ulikuwa ukirudi palepale.

Basi nilitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee mbele, nikauchomelea, nikafunika kwa kiraka kipana chenye kona za mviringo, na kukifunga kwa riveti mbali na sehemu iliyolegea. Kipande changu cha mwisho cha majaribio nilikipinda mpaka ncha zikagusana. Hakikupasuka. Nilicheka peke yangu karakana nzima.

Jumatano asubuhi akaja mkweo Guled, amelowa mpaka kifuani. Alisema Faiza ameshikwa na uchungu tangu alfajiri ya jana na mtoto hashuki. Mashua nyingine zote zilikuwa mbali. Mkuu wetu wa mashua ni Mmeru aitwaye Murithi, mtu mpole ila kwa kazi hana mchezo. Sheria yake ni kwamba mashua iliyotengenezwa ijazwe mifuko ya mchanga na ikae majini siku nzima kabla ya kubeba mtu. Jana yake Murithi hakuwepo kazini. Akaniuliza, “Sugow, hii imejaribiwa?” Nikamjibu, “Imejaribiwa jana.” Tukaondoka.

Tulimkuta Faiza amelala kwenye tuta, mbuzi wamemzunguka. Tulimpakia juu ya mkeka. Wakati wa kurudi gogo likatugonga ubavu wa kushoto, penye kiraka changu hasa. Mashua iliyumba. Faiza alinishika shati, akauliza, “Abti, mjomba wangu, tunazama?” Nilimwambia hatuzami. Kiganja changu kilikuwa juu ya kile kiraka, na kiraka kilikuwa kikavu. Saa nane mchana Ugbad alizaliwa.

Hapa, Mwalimu, tafadhali soma polepole.

Dada, mashua ile haikuwa imejaribiwa. Nilimaliza riveti ya mwisho asubuhi hiyohiyo, na mfuko hata mmoja wa mchanga haukuingia ndani. Nilisema uongo nikiwa nimefunga, na juu ya uongo huo nikamlaza mtoto wako. Nilikuwa na hakika na mikono yangu, na mpaka leo ninayo. Lakini Murithi aliuliza ili aamue, nami nikamnyang'anya uamuzi.

Jioni hiyo nilimweleza ukweli. Hakunipigia kelele. Kesho yake tuliijaza mashua mchanga, ikakaa majini kutwa, na haikuvuja hata tone. Akasema kazi yangu ni nzuri kuliko zote alizoona, ila kuanzia sasa ataijaribu yeye mwenyewe, kwa macho yake. Nimekubali.

Faiza naye nimemwambia. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, akanisihi nisikwambie wewe, utapata maradhi ya moyo bure. Hilo nimemkatalia. Yeye ni mtoto wako kabla hajawa mpwa wangu, na msamaha wake pekee haunitoshi.

Barabara imekatika, barua hii itapanda ndege mpaka Wajir. Nijibu, hata kama ni kwa kunigombeza. Nisalimie shemeji na majirani wote, na Mungu atukubalie saumu.

Ni mimi mdogo wako,
Sugow