Siku Bomba la Tangi Liliponyamaza

Mpendwa Baba,

Umelala miaka mingi sasa, na bado kuna alasiri moja ambayo sijaizoea. Nikiikumbuka ni kama vile imetokea jana. Nakuandikia kwa sababu hatukuwahi kuizungumza tukaimaliza.

Unalikumbuka tangi lako la vioo? Wewe fundi bati wa Msasani ya huku kwetu Tukuyu, uliyezoea kuletewa ndoo zilizotoboka na taa za chemli, ulikusanya mabaki ya vioo vya madirisha, ukavifunga kwa fremu ya chuma, ukaweka tangi sebuleni na perege wanne ndani yake. Majirani walikuja kushangaa samaki wanaokaa nyumbani na hawaliwi. Maji ya mvua uliyashusha kutoka paani. Yaliyozidi yaliingia kwenye bomba lililosimama kwenye kona ya tangi, yakatoka nje hadi migombani. Na kwa mvua hii ya Tukuyu, bomba hilo lilikoroma kutwa.

Halikunisumbua mpaka nilipoanza kufundisha. Ilikuwa miaka ile ya kisomo cha watu wazima. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepewa ubao, chaki na wakulima kumi na wawili, na darasa likawa sebule yako. Nikisema "ba, be, bi", bomba linajibu. Bibi Tupokigwe, aliyekuja moja kwa moja kutoka shambani na tope miguuni, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mwalimu, huyu mwanafunzi wa kwenye maji mbona anasoma kwa sauti kutushinda sisi?"

Nikakuomba ulinyamazishe. Ukasema wiki ijayo. Wiki ikaja, ukasema ijayo tena, wewe uliyekuwa ukitengeneza jiko la mtu kabla chai yake haijapoa! Nilipozidi kukusumbua, uliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa. Kikashika uchafu, maji yakafurika sakafuni. Ukaleta bomba nene, likakoroma kwa sauti nzito zaidi. Ukasema basi, tulizoee. Hapo nikapandwa na hasira.

"Baba, unayapenda makelele haya kuliko mimi!"

Ulichukua msumeno.

"Kelele ni hewa, mwanangu," uliniambia ukiwa umepiga magoti. "Maji yakishuka pamoja na hewa, yanakoroma. Bomba likijaa maji matupu, linanyamaza."

Ulichagua mabomba mawili. La kwanza mdomo wake ulizama majini, na chini yake ukafunga koki, ukaikaza kidogo kidogo mpaka hewa ikakosa njia. La pili uliliacha refu zaidi, mdomo wake juu ya maji, lipokee maji endapo la kwanza litaziba. Kumbe ulijua tangu mwanzo namna ya kufanya! Sebule ikawa kimya, tukasikia mvua tu ikinyesha kwenye migomba. Nilikubusu mkono. Ukasema unakwenda kupumzika, ukapita nyuma ya pazia la chumba chako.

Wanafunzi wakaja. Nikaandika ubaoni, wakainama kunakili. Bibi Tupokigwe ndiye aliyeinua kichwa.

"Mwalimu, bomba limenyamaza. Sasa anayekoroma ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Sote tukasikia. Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kavu, ya kuvuta na kukwama, kuvuta na kukwama. Nilipofunua pazia nilikukuta umeketi kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imegeuka rangi. Ukaweka kidole mdomoni.

"Endelea kufundisha," ulisema. "Ndivyo ninavyokuwa kila siku."

Kila siku, Baba! Nilikuwa nakupikia, nakufulia, nakuamkia asubuhi na jioni, na ukinijibu "marahaba, mimi mzima" nilienda zangu.

Wanafunzi walikubeba hadi barabarani, tukapata lori lililokuwa limebeba chai, tukafika hospitali ya Igogwe nikiwa bado na vumbi la chaki mikononi. Daktari alisema moshi wa tezabu, ile asidi yako ya kulehemu bati, ulikuwa umeyala mapafu yako miaka mingi. Nilikuuliza kwa nini ulificha.

"Ungeliacha darasa uniuguze," ulisema. "Na mimi nilipenda kukusikia ukifundisha."

Uliporudi nyumbani nililegeza ile koki, nikidhani mkoromo wa maji utakusitiri mbele ya wageni. Ulisikia kutoka kitandani.

"Funga, mwanangu. Sina tena cha kuficha."

Nikafunga. Tukaishi hivyo miezi minne, pazia limefunguliwa, darasa likiendelea, na kila ulipokwama Bibi Tupokigwe aliacha kuandika, akakushika mgongo mpaka pumzi irudi. Siku ulipoondoka alikuwa amekushika hivyo hivyo. Akaniita kwa jina langu, si Mwalimu, nikaelewa.

Nina wajukuu sasa. Wananilalamikia kwamba nikimwuliza mtu hali, akijibu nzuri, simwachi aende. Namwambia akae kwanza. Nazima redio, nanyamaza, namsikiliza anavyopumua.

Pumzika, Baba. Nisamehe kwa lile neno la hasira.

Ni mimi, binti yako, mwalimu wa sebuleni kwako.