Leso Yako Imepata Kazi ya Kiwanda

Kaloleni, Nairobi, Jumatano

Mama,
Mnaendeleaje huko? Kwa dada Nekesa tuko salama, ila baridi ya hapa inapita sweta mbili. Jana nilimsindikiza kwenye geti la kiwanda cha unga, wanakochagua vibarua asubuhi. Nyapara akasema kubeba magunia ni kazi ya wanaume, ndiyo sheria. Nekesa akamwuliza imeandikwa wapi. Akatuonyesha kibao cha getini, nacho kilisema tu, "Usiteme mate hapa."

Basi binti yako Nekesa akasokota ile leso uliyonipa, akaifanya ngata ya kichwani, akasema, "Nitwikeni." Akalipeleka gunia kwenye lori huku mikono ikining'inia, akisalimia watu kama anatoka kisimani kwetu. Wanaume waliobeba mgongoni walikuwa wamepinda kama ndoano. Nyapara akamwandika bila kumtazama usoni.

Leso usiingoje. Leo asubuhi nimeiacha kichwani mwa nyapara mwenyewe, anajifunza kwa debe tupu, na limeshaanguka mara mbili.

Msalimie Baba. Mwambie wanaume wa Nairobi wameanza, asiachwe nyuma.

Mwanao akupendaye,
Nafula