Ulimi wa Karani

Kitui. Alhamisi, Septemba 1950.

Jua la leo limekausha hata wino kwenye kalamu, na vumbi limeingia mpaka kwenye chai, lakini sina ugomvi na mtu. Nimepumua. Tangu wiki iliyopita nilikuwa natembea kama mtu aliyemeza jiwe.

Si sotoka!

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame vizuri. Karani, ng'ombe wa kulima wa mama, mvivu kiasi cha kupewa jina hilo, alikufa kule nyumbani Zombe. Aliacha kula, akatokwa na mate, na ulimi wake ulikuwa umechubuka wote. Mzee wa kijiji akautazama, akatamka sotoka, tauni inayomaliza ng'ombe wa wilaya nzima, na soko la mifugo likafungwa siku hiyo hiyo. Majirani wakaacha kuteka maji pamoja na mama. Ng'ombe wake wawili waliobaki wakawekwa karantini, wapigwe risasi ugonjwa ukithibitika. Mmoja wao ndiye anayewapa wajukuu maziwa.

Mimi ni msaidizi katika ofisi ya mifugo hapa mjini. Kazi yangu ni kukata nyama iliyohifadhiwa kwa dawa iwe vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, kuvitia rangi na kuvilaza juu ya kioo, ili Bwana Daktari avitazame kwa hadubini. Nimeshakata ndimi za mbuzi, za kondoo, hata ulimi wa digidigi aliyegongwa na lori kule Kambu. Lakini huu wa Karani tuliukata mimi na Bwana Daktari tulipompasua kule Zombe. Niliharibu vipande vya kwanza, nikajitukana.

Ulimi ni kitu cha ajabu. Kwa macho matupu ni nyama tu. Kwenye hadubini, ulimi wa ng'ombe ni kichaka cha miiba, migumu kama kucha, yote imeinamia kooni ili majani yakiingia yasitoke. Ya digidigi ni midogo na laini, maana yeye huchagua jani moja moja kama bibi harusi anayekula mbele ya wakwe. Miiba ya Karani ilikuwa imeungua ncha, lakini chini yake nyama ilikuwa nzima kabisa.

Bwana Daktari alitazama mpaka nikatamani kumvuta shati.

"Hii imechomwa kutoka juu," akasema. "Sotoka haifanyi hivi. Nani alimpaka kitu?"

Magadi!

Nilicheka mpaka akaniuliza kama mimi ni mzima. Kwetu ng'ombe akikataa kula, husuguliwa ulimi kwa magadi na chumvi ili hamu irudi. Karani alikataa kula kwa sababu ya kamba ya mkonge tuliyoikuta tumboni mwake, ambayo kwa hofu ya sotoka hakuna aliyeijali. Mama hakujua, akamsugua asubuhi na jioni. Na mama yangu akisugua kitu, kinasuguka. Sufuria zake zote zimekwisha matako.

Mama alikuwa amekaa kwenye baraza ya ofisi tangu alfajiri akisubiri. Nilipomwambia kwamba ng'ombe wake wamepona risasi na soko litafunguliwa, alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka makarani wa kweli wakatoka nje kuangalia. Kisha akaketi tena.

"Kwa hivyo ni mimi nilimchoma."

"Ni magadi, mwaitu, mama yangu. Na kilichomuua ni kamba."

Akawa anakunja pembe ya leso yake. "Siku ile ya mwisho nilimpa kipande cha muwa. Alitafuna kidogo tu. Nikafikiri anatafuna kunifurahisha. Alisikia utamu?"

Nilirudi ndani, nikaweka kioo kingine kwenye hadubini, kile cha nyuma kabisa ya ulimi, karibu na koo, ambako mkono wa mama haukufika. Huko miiba imekwisha, kuna vinundu vya mviringo, na ndivyo vinavyoonja. Nilivitazama kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizima.

"Alisikia," nikamwambia.

Akafuta macho, akauliza lori la Zombe linatoka saa ngapi kesho.

Sasa amelala chumba cha pili, nasikia anavyokoroma. Na kama ningevikuta vile vinundu vimeungua, ningemwambia nini mama yangu? Namshukuru Mungu sikulazimika kujua.