Rafu ya Vidoli vya Namkunda

Jumamosi, Same. Upepo tangu alfajiri.

Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimefunga kibanda changu cha ufundi redio mapema, na leo sitaandika habari za redio. Wanaoingia humu bloguni kutafuta namna ya kutengeneza spika iliyopasuka wanisamehe. Leo najiandikia mwenyewe.

Binti yangu Namkunda alikuja. Ameshaondoka.

Wiki nzima nilikuwa napanga vidoli. Vidoli vya katuni, vile vya plastiki ngumu vinavyotosha kiganjani. Nina sungura aliyevaa miwani ya rubani, dubu wa njano mwenye buti za mvua, paka mpiga gitaa aliyekatika mkono, kiboko mwenye taji, na wengine wengi ambao hata sijui ni wanyama gani. Miaka yote hiyo vimekaa chini ya kitanda, kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Niliposikia Namkunda atapita hapa, nikamwomba jirani yangu seremala anitengenezee rafu yenye mlango wa kioo. Nikaviosha kimoja kimoja kwa mswaki na sabuni ya unga.

Kuvipanga ndiko kulikonisumbua. Nilivipanga kwa ukubwa, vikaonekana kama wanafunzi mstarini asubuhi. Nikajaribu kwa rangi, sikupenda. Mwisho nikavipanga kwa kufuata nilivyovipata, cha zamani zaidi juu kushoto, halafu unashuka. Hapo nikaona vimetulia.

Inabidi nieleze.

Mimi si mwenyeji wa huku. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, mimi nikakulia kambini, nikawa fundi wa mashine kiwandani. Nikaoa msichana wa Shighatini, kule juu Ugweno, tukampata Namkunda. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa sabuni na sukari. Mtoto wetu alicheza na gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu ambavyo hatujawahi kuviona, na papo hapo shamba letu la mkonge likasimama. Dukani kila kitu kipo, mfukoni hamna kitu. Mke wangu akarudi kwao na mtoto, maana kule angalau kuna ndizi. Hatukugombana. Tulisema ni kwa muda tu.

Mimi nikaenda Hedaru kupakia na kupakua malori. Siku za soko nilimbebea marobota mama mmoja muuza mitumba. Ndani ya robota la nguo za watoto hakukosekani kidoli, kimesahaulika kwenye mfuko wa koti au kimezama chini kabisa. Kwake yeye zilikuwa takataka.

"Chukua, baba Namkunda," alikuwa akiniambia. "Kampe mtoto."

Nikawa nachukua. Kila mara nikasema, hiki nitampelekea nikipanda mlimani.

Sikupanda. Utaingiaje ukweni na kidoli cha plastiki, bila hata kilo ya sukari, bila kanga ya mama mkwe? Nikawa nasema mwezi ujao. Nikawa nasubiri yeye ashuke likizo. Alishuka mara chache, na mara hizo mimi nipo njiani na lori. Ule muda tuliousema ukageuka maisha.

Leo mchana akabisha hodi. Alikuwa ametoka kumwona mama yake, anawahi basi la Morogoro, ambako ni muuguzi. Mtu mzima kabisa, mvi zimeanza pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu, karibu ukae."

Nikampa chai. Alipoinua kichwa akaiona rafu, akacheka.

"Baba! Siku hizi unacheza na vidoli?"

Nikacheka pia. Ningeweza kuyaacha yaishie hapo. Tungeongea habari za wajukuu, angeondoka.

"Ni vyako," nikasema.

Akaniangalia kama hajasikia vizuri. Nikafungua kioo, nikaanza kumwonyesha. Sungura, ulipoanza darasa la kwanza. Dubu, ulipougua surua, habari nilizipata kwa dereva wa lori la ndizi. Paka, ulipofaulu kwenda sekondari. Nilikuwa naongea haraka haraka, kama mtu anayetetea jambo. Yeye hakuwa anacheka tena. Akamchukua kiboko, akamgeuza geuza mkononi.

"Mbona hukuniletea?"

"Nilikuwa nasubiri ushuke."

"Na mimi nilikuwa nasubiri upande."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Akaniambia kwamba kila Jumamosi alikuwa anakaa kwenye ukingo wa barabara, pale gari la abiria linapogeuzia. Bibi yake anamwita aje ale, haendi mpaka gari lishuke tena. "Sikutaka uniletee kitu, baba," akasema. "Nilitaka wenzangu wakuone."

Nikamwongezea chai kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa, ikamwagika mezani. Akachukua kitambaa akapangusa, taratibu, kama anavyofanya huko wodini kwake, nadhani.

Muda wa basi ukakaribia. Nikamwambia achague chochote, hata vyote, nitamfungia kwenye boksi. Akamrudisha kiboko, akafunga kioo.

"Viache hapa hapa. Vimeshakuzoea wewe."

Sijui alikuwa ananionea huruma au ananikatalia. Nimeifikiria kauli hiyo jioni nzima. Ninachojua ni kwamba vile vidoli vilikaa na mimi miaka ambayo yeye hakukaa na mimi, wala mimi na yeye, na mtoto niliyekuwa namtunzia hayupo tena popote. Aliyekuja leo ni mama wa watu.

Nilimsindikiza stendi. Upepo ulikuwa mkali, tukatembea tumeinamisha vichwa. Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, akageuka.

"Njoo Morogoro, baba. Chumba kipo."

Hakutaja siku. Kondakta akapiga bodi, wakaondoka.

Sasa nimekaa mbele ya rafu, chai ya kwenye birika imepoa. Tangu nirudi sijawasha hata redio moja, na hapa ndani zipo tele.

Mtoto akikwambia njoo, asitaje siku, unangoja akutajie, au unamtokea tu mlangoni?