Hodi Katikati ya Ziwa

Mama, uamuke muzuri kule Shari.

Ulisemaka mashua yetu haiwezi kuwa nyumba juu haina mulango. Sasa sikia. Jana asubui ziwa ilitulia kabisa. Bwana yangu alikuwa anashona tanga, miye natwanga sombe, majani ya muhogo, tukasikia mutu anaita: "Hodi." Muzee moja muvuvi alisimamisha mutumbwi yake pembeni, akangojea mupaka tulimujibu karibu. Mbele ya kupanda alitosha sandale ku miguu. Tulimupatia kiti yetu moja, siye tukakaa chini. Wakati sombe iliiva, akaikula yote, kisha akauliza: "Mama yenu alishaka fika mu nyumba hii?"

Leo bwana yangu iko napiga misumari ku kiti ya pili, ile ya kwako.

Usiogope maji, Mama. Nakukumbatia sana.

Mutoto yako, Furaha